Kutambua na kupanga mimea pori kwa vinasaba: mwongozo kamili kwa mtu aliyeko Dar

Wadau, kila msimu wa propozo swali linarudi lile lile: "nina mimea nimeitoa porini, nataka kuifanyia DNA nijue ni spishi gani, naanzia wapi?" Majibu mengi yanayotolewa ni ya nusu nusu, mtu anaambiwa "peleka maabara wakusomee" basi. Leo naandika yote mwanzo mwisho, na naandika kwa mtu wa hapa Dar, ambaye anaweza kupanda daladala mpaka Gongo la Mboto akaunganisha Kisarawe akaingia msitu wa Pugu, au akashuka Kunduchi kwenye mikoko, kwasababu mambo ya hapa kwetu, joto, unyevu, umeme, vibali, ndio yanayokwamisha kazi nyingi kuliko sayansi yenyewe.

Kabla sijaenda mbali, kuna kitu kimoja nakisisitiza na nitakirudia. Mfuatano wa vinasaba (zile herufi A, C, G na T za DNA) ambao hauna mmea uliobanwa, ukakaushwa, ukapewa namba na kuwekwa herbaria, yaani hazina ya mimea mikavu, ni herufi tu. Hauwezi kuthibitishwa na mtu yeyote, hata wewe mwenyewe baada ya miaka mitatu. Kama hauna nafasi ya kufanya vyote viwili, bora ukabane mmea na DNA uiache kwanza, maana mmea uliobanwa vizuri unaweza kutolewa vinasaba hata miaka mingi baadae, ila vinasaba haviwezi kukurudishia mmea.

Vinasaba vinasaidia nini kwani

Chukua mchu, ule mkoko wenye mizizi iliyochomoza juu kama vidole, umejaa Kunduchi na Mbweni. Zamani wataalamu waliuweka familia yake peke yake na wengine waliuweka pamoja na mimea ya jamii ya Verbenaceae. Vinasaba vilipokuja kusomwa ikaonekana upo ndani ya Acanthaceae, kitu ambacho kwa macho si rahisi kukiona. Migunga nayo hivyo hivyo, ile jenasi kubwa ya Acacia ikaonekana sio kundi moja, na baada ya maamuzi ya mkutano wa wanabotania Vienna mwaka 2005 jina Acacia likabaki kwa miti ya Australia zaidi, ya kwetu ikaenda Vachellia na Senegalia. Na yale maua ya Usambara yanayouzwa duniani kote kama ya kwenye vyungu, Saintpaulia, tangu 2015 yamehesabiwa ndani ya Streptocarpus.

Ila sikiliza na upande wa pili. Mwaka 2012 watafiti walitangaza kwamba Afrika bara kuna spishi ya pili ya mbuyu, wakaiita Adansonia kilima, ya maeneo ya miinuko, wakitumia ukubwa wa maua, chavua, matundu ya majani na idadi ya kromosomu. Mwaka 2016 wengine wakarudia kupima maumbo, kromosomu na vinasaba, hawakuona ushahidi wa kutosha wa spishi mbili. Maana yake ni kwamba data yako itapimwa na watu wengine, kwahiyo jipange ipimike.

Anza na swali, alama baadae

Hapa ndio watu wengi wanapotea. Mtu anauliza "nitumie alama gani?", yaani kipande gani cha DNA cha kusoma na kulinganisha, kabla hajasema anataka kujua nini. Hakuna alama moja ya kijenetiki inayojibu kila kitu, kila moja ina kasi yake ya kubadilika.

Kama unataka kujua mmea wako ni wa familia gani au jenasi gani, tumia rbcL. Ni jeni ya kloroplasti (vile vichembe vya kijani ndani ya seli), inabadilika taratibu, inakubali kwa karibu kila mmea na mfuatano wake unasomeka vizuri. Kushuka kwenye spishi unaongeza matK, nayo ya kloroplasti ila ina kasi zaidi, na tatizo lake ni kwamba praima zake (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili) hazikubali kila familia. Hizi mbili pamoja ndio zilipendekezwa mwaka 2009 na kikundi cha kimataifa kama msimbo wa msingi wa mimea ya nchi kavu, na kwenye jaribio lao zilitenganisha spishi kwa asilimia 72 hivi. Soma hiyo namba vizuri, karibu spishi tatu kati ya kumi hazikutengana. Kwahiyo ukiwa na spishi ndugu wa karibu ongeza trnH-psbA, kipande cha kati ya jeni mbili za kloroplasti, na ITS ambayo ipo kwenye kiini cha seli. Kloroplasti kwa mimea mingi inayotoa maua inarithiwa kwa mama peke yake, sasa kama mmea wako ni chotara wa spishi mbili kloroplasti itakuonyesha mama tu na utaamini umemaliza kazi, kumbe nusu ya habari haipo. Ndio maana nasema kila kazi ya spishi iwe na angalau alama moja ya kiini.

Kama swali lako ni la ndani ya spishi, mfano mimea ya Pugu na ya msitu wa Pande je inabadilishana chavua au imeshatengana, hapo misimbo hiyo haitakusaidia, nenda kwenye SSR (vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia) au SNP (tofauti za herufi moja moja). Zile mbinu za zamani kama RAPD ni rahisi kwa bei lakini matokeo yake yanabadilika maabara na maabara, binafsi simshauri mtu azianze leo. Na kama una bajeti ya maana na unataka mti wa ukoo wa jenasi nzima, kuna seti ya Angiosperms353, inakamata jeni 353 za kiini kwa mimea yote inayotoa maua na uzuri wake inafanya kazi hata kwa sampuli kavu za zamani za herbaria.

Kwa mwanafunzi wa masta mwenye bajeti ya kawaida: rbcL, matK na ITS. Anzia hapo.

Vibali, na usiviruke

Kibali cha utafiti kinatoka COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Msitu wa hifadhi kama Pugu na Kazimzumbwi ni wa TFS, wakala wa huduma za misitu, ukienda hifadhi za wanyamapori unapitia na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Halafu hata ukiwa na makaratasi yote ya mjini, fika ofisi ya serikali ya kijiji, salimia, jieleze, saini kitabu. Unaanza na "shikamoo mzee" ndio mengine yanafuata, na mara nyingi hapo hapo ndio utampata mtu anayeijua mimea kwa jina na kwa matumizi.

Kama sampuli au hata DNA iliyotolewa inaenda nje kusomwa, unahitaji makubaliano ya kuhamisha sampuli, na cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Itifaki ya Nagoya ya 2010 ipo kwa ajili ya hili hili, rasilimali za kijenetiki za nchi zisitoke kiholela na faida irudi. Okidi zote zipo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwahiyo zina kibali chao cha ziada, usije ukabeba kiazi cha okidi kwenye begi ukadhani ni mchezo. Anza mambo ya vibali miezi kadhaa kabla ya safari.

Porini

Nenda kipindi ambacho mimea ina maua au matunda. Kwa ukanda wetu wa Pwani mingi inachangamka mvua za vuli na masika, ila njia ya msituni ikishalowa unajua mwenyewe, panga mapema. Mmea usio na ua wala tunda unaweza kutoa vinasaba vizuri kabisa lakini kuutambua kwa umbo ni shida, na bila utambuzi wa umbo unabaki na herufi tu, nimeshasema.

Kwa kila mmea fanya hivi kabla haujagusa mwingine. Piga picha mmea mzima, jani juu na chini, ua kwa karibu, gome, tunda. Chukua GPS na mwinuko. Kata matawi ya kutosha nakala tatu au nne, yabane kwenye magazeti ya zamani na kibanio, na geuza jani moja liangalie juu kwa mgongo ili vinyweleo vionekane. Kwenye daftari andika vitu ambavyo vitapotea mmea ukikauka: rangi ya ua, harufu, kama ukikata unatoa maziwa au utomvu wa rangi gani, urefu, ardhi, umesimama kivulini au juani. Jina la wenyeji andika kama lilivyotamkwa, na taja ni lugha gani, Kizaramo au nyingine.

Halafu ya vinasaba. Chagua jani changa lililokomaa kidogo, safi, lisilo na ukungu wala mayai ya wadudu. Lifute na kitambaa chenye spiriti, lichanechane vipande vidogo, weka kwenye bahasha ya karatasi (zile za kuchujia chai ni nzuri sana), andika namba ile ile ya mmea kwa penseli, tumbukiza kwenye mfuko wa zipu wenye silika jeli (zile punje zinazofyonza unyevu) mara kumi ya uzito wa jani. Jani linatakiwa likauke ndani ya siku moja, ukilikunja livunjike. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi, silika ile ya rangi ikibadilika ibadilishe jioni ile ile usingoje kesho, na ukirudi nyumbani usiuache mfuko wazi dirishani. Uzuri wa silika ni kwamba umeme ukikatika sampuli zako haziathiriki, tofauti na yule aliyejaza friza majani mabichi.

Chukua mimea mitatu hadi mitano ya kila spishi unayodhani, kutoka sehemu tofauti. Mmoja mmoja haukuambii chochote kuhusu tofauti za ndani ya spishi, na bila hizo utaitaje tofauti nyingine kuwa ni ya spishi?

Jaribu kutambua kwa macho kwanza

Kabla ya maabara kaa na Flora of Tropical East Africa, ile kazi iliyoanza kutolewa 1952 ikakamilika 2012, ina spishi zaidi ya 12,000 za Tanzania, Kenya na Uganda. Pitia funguo zake, yale maswali ya hatua kwa hatua ya kutambulia mmea, na ua lako mkononi na lenzi. Kisha peleka sampuli herbaria ya Chuo Kikuu pale Mlimani ulinganishe na zilizopo, au herbaria ya taifa Arusha iliyo chini ya TPHPA, picha nyingi nyingine zipo mtandaoni kupitia GBIF, hazina ya kimataifa ya kumbukumbu za viumbe. Mfano Pugu kuna mikunde miwili inabeba jina la msitu wenyewe, Baphia puguensis na Millettia puguensis. Ukiwa na mkunde wa Pugu haujazilinganisha na hizo, DNA ni mapema.

Maabara: kutoa vinasaba

Seti tayari za kutolea DNA (kit) zipo za kununua ila bei yake imechangamka, na mchanganyiko wa CTAB (kemikali kama sabuni inayofungua seli) uliochapishwa na Doyle na Doyle mwaka 1987 bado ni mfalme kwa mimea. Unahitaji CTAB 2%, chumvi NaCl 1.4 M, EDTA 20 mM, Tris-HCl 100 mM ya pH 8.0, PVP 1%, na merkaptoethanoli 0.2% ambayo unaiongeza siku ya kazi tu, ndani ya kabati la kuvuta hewa, maana harufu yake na sumu yake sio ya kuvumilia.

Saga miligramu 20 hivi za jani kavu mpaka liwe unga laini kabisa, hapa usione uvivu, unga wenye vipande ndio DNA kidogo. Weka mililita moja hivi ya mchanganyiko uliopashwa nyuzi 65, acha kwenye joto hilo dakika 30 hadi 60 ukigeuza tyubu mara kwa mara. Ongeza klorofomu iliyochanganywa na isoamili alkoholi kwa 24:1, geuza taratibu, zungusha kwenye sentrifuji. Utaona tabaka tatu: chini klorofomu ya kijani, katikati utando mchafu mweupe, juu maji maangavu. Vinasaba viko juu. Vuta na pipeti polepole, acha kidogo usiguse utando, tamaa ya kunyonya yote ndio inaleta uchafu utakaokusumbua wiki nzima. Ongeza isopropanoli baridi, weka kwenye friza, zungusha, mwaga, osha na ethanoli 70%, kausha, yeyusha. Malizia na RNase, kimeng'enya cha kuondoa RNA.

Sasa kuna mimea yenye ute, na kwetu ipo mingi, mbuyu na ndugu zake wa Malvaceae wote. Ukiweka mchanganyiko tu pale pale inakuwa mlenda, pipeti inavuta uzi mrefu haukatiki, na hata ukifika mwisho PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi kwa mashine) inagoma. Dawa yake ni kuosha ule unga kwanza kwa mchanganyiko wenye sorbitoli, unazungusha unamwaga, unarudia mpaka maji yasiteleze tena, ndio unaingia CTAB. Ni hatua ndogo lakini inaokoa kazi. Na kama maji yamekuwa ya kahawia, hizo ni fenoli, ongeza PVP na tumia jani changa zaidi.

Pima kwa spektro, mashine ya kupima mwanga: uwiano wa 260/280 (mawimbi ya mwanga kwa nanomita) uwe karibu 1.8, na 260/230 ukiwa chini sana ya 2 jua kuna sukari au chumvi imebaki. Usiamini namba peke yake, pitisha na kwenye jeli ya agarosi uone mstari mmoja mzito juu na sio moshi unaoshuka.

PCR

Kwa mikrolita 25: miksi ya PCR ya kununua (ile ya mara mbili, 2x) 12.5, praima ya mbele 1 na ya nyuma 1 (kila moja 10 µM), DNA 1 hadi 2, maji yajaze kilichobaki. Praima za rbcL zinazotumika sana ni rbcLa-F, ATGTCACCACAAACAGAGACTAAAGC, na rbcLa-R, GTAAAATCAAGTCCACCRCG. Mashine: nyuzi 95 dakika 3 hadi 4, kisha mizunguko 35 ya nyuzi 94 sekunde 30, nyuzi 55 sekunde 30, nyuzi 72 dakika moja, na mwisho nyuzi 72 dakika 10. Kipande kitakuwa besi 600 hivi, cha matK kwa praima zinazoitwa KIM ni 850 na zaidi kidogo.

Kila siku ya PCR lazima kuwe na tyubu moja ya maji bila DNA, na kila kundi la utoaji liwe na tyubu moja isiyo na jani. Zikitoa mstari kwenye jeli futa siku nzima, hakuna kujitetea. Ikigoma kabisa, punguza DNA mara kumi kabla ya kuongeza, mara nyingi kinachogomesha ni uchafu na sio upungufu, halafu ongeza BSA (protini inayopunguza makali ya uchafu), halafu ndio ushushe joto la praima kushika, ile nyuzi 55. Mashine iwe kwenye UPS, umeme ukikata mzunguko wa 20 umepoteza kila kitu kilichomo kwenye mashine. Na jeli yenye ethidiamu bromaidi ni glavu kila wakati, na glavu hizo hizo usishikie simu.

ITS nina onyo lake. Majani ya misitu ya pwani yana fangasi ndani yake hata yakionekana safi, na praima za ITS za jumla zinawapenda fangasi kama zinavyopenda mmea. Tumia zilizotengenezwa kwa mimea, na matokeo yakija cheki kwanza kama sio fangasi uliyemsoma.

Kusafisha data na kusoma majibu

Kipande ulichonakili kwa PCR kipeleke kikasomwe mfuatano wake pande zote mbili, mbele na nyuma. Faili likirudi lifungue uangalie vilele vya grafu, kila kilele ni herufi moja, kwa macho yako, kata mwanzo na mwisho palipochafuka, unganisha pande mbili. Kwenye ITS ukiona vilele viwili mahali pamoja, na pande zote mbili vinaonekana, usichague kimoja kwa kubahatisha, inaweza kuwa chotara au nakala tofauti za jeni, andika herufi ya utata. rbcL na matK zitafsiri kuwa protini: ukikuta alama ya kusimama katikati jua umekosea kusoma au umepata nakala iliyokufa.

Peleka kwenye BLAST, kitafutio cha GenBank ambayo ni hazina ya kimataifa ya mifuatano, na pia BOLD, hazina ya misimbo ya DNA. Na hapa naomba tuelewane, jina la kwanza kwenye orodha ya BLAST sio jina la mmea wako. Ni jina la mfuatano unaofanana zaidi kati ya iliyopo, na spishi nyingi za misitu yetu haina hata mfuatano mmoja mle ndani, kwahiyo mmea wa Pugu unaweza kukuletea asilimia 99 kwa spishi ya Madagaska au ya Kongo isiyowahi kuota hapa. Angalia asilimia ya kufanana, angalia imefunika urefu kiasi gani, angalia kama huo mfuatano una namba ya sampuli ya herbaria, kisha jiulize hiyo spishi inaota Tanzania? Wapo waliopandisha mtandaoni majina yasiyo sahihi, na kosa likishaingia linanakiliwa.

Baada ya hapo tengeneza mti. Kusanya mifuatano ya ndugu wote wa jenasi unaoweza kuwapata, ongeza mmoja au wawili wa nje ya kundi wa kuushikia mzizi, panga kwa programu ya MAFFT, pitia mpangilio kwa macho, endesha IQ-TREE, programu ya kujenga mti, na uiache ichague modeli ya mabadiliko ya DNA. Kila alama na mti wake kwanza, ndio uunganishe. Mti wa kloroplasti ukipingana na wa ITS usiufiche, hapo ndipo penye habari kubwa, uchotara upo au spishi hazijamaliza kutengana. Kwenye ultrafast bootstrap ya IQ-TREE, kipimo cha uimara wa tawi la mti, tawi lenye 95 na kuendelea ndio la kuliamini, usichanganye na 70 ya bootstrap ya kawaida.

Kuamua sasa

Mimea yako ya spishi moja ikikaa tawi moja lenye nguvu, kwenye alama ya kloroplasti na ya kiini, na umbo lao linatofautiana na ndugu wa karibu kwa kitu unachoweza kukionyesha kwa rula, jina unalo. Tawi lipo lakini umbo halionyeshi tofauti, rudi herbaria na vipimo zaidi, ongeza sampuli za maeneo mengine. Umbo linatofautiana ila vinasaba havitengani, usifute spishi ya watu kwa rbcL na matK, nenda kwenye SNP. Na ukiona umepata spishi mpya, sheria za majina ya mimea bado zinataka sampuli kielelezo iliyohifadhiwa herbaria na maelezo kwa Kilatini au Kiingereza, mfuatano wa DNA peke yake hautoi jina.

Mwisho wa kazi gawa nakala: moja Mlimani, moja Arusha, moja Nairobi kwenye herbaria ya Afrika Mashariki kama vibali vinaruhusu. Pandisha mifuatano GenBank ukiandika namba ya mkusanyaji na kifupi cha herbaria, DSM kwa Mlimani au NHT kwa Arusha, ili mtu aweze kuufuata mfuatano mpaka kwenye mmea wenyewe. Na ripoti fupi ya Kiswahili, yenye picha na majina yote, la kitaalamu na lile walilokupa wenyeji, ipeleke TFS na kwenye ile ofisi ya kijiji uliyosaini kitabu.